Mtandao wa kompyuta nao ni kazi ya usalama



Usifikiri mtandao wa kompyuta ni jambo la watu wa biro tu. Siku hizi katika migodi mingi hesabu ya watu walioshuka shimoni, vipimo vya hewa mbaya, mshahara na karatasi za hospitali hupita humo. Ukikatika saa mwamba umeanguka, waokoaji waweza kukosa kujua nani yuko chini.

Tazama mifano miwili. Tarehe 19 Machi 2019 wezi walifunga kompyuta za Norsk Hydro, kampuni ya aluminiamu ya Norwe yenye wafanyakazi 35,000 hivi, wakadai pesa. Waliingia kwa barua yenye sumu iliyoonekana kutoka kwa mteja anayejulikana. Kampuni haikulipa. Watu walifanya kazi kwa mkono na karatasi, na wastaafu waliojua njia ya zamani walirudi kusaidia. Nakala zilizokuwa zimehifadhiwa ndizo zilizorudisha kazi.

Tarehe 19 Julai 2024 hapakuwa na mwizi. Kampuni ya CrowdStrike ilituma badiliko bovu la programu, na kompyuta 8,500,000 hivi zikazimika duniani.

Basi mtandao hupangwa namna gani?

1. Mtu wa kujibu. Kila zamu iwe na mmoja. Jina lake na namba yake viandikwe ukutani.

2. Daftari. Kila mashini iandikwe humo, na kila badiliko pia. Badiliko lijaribiwe kwanza katika mashini moja, wala si wakati watu wako shimoni.

3. Nakala. Ziwekwe katika nyumba nyingine, na moja isiunganishwe na waya wowote. Sisi wa Kalemie tunajua: mwaka 2021 na tena 2024 maji ya Tanganyika yalipanda mpaka ndani ya nyumba za watu. Nakala isikae karibu na ziwa.

4. Kuranti. Mtambo wa Bendera, katika mto Kiymbi, uko mbali na mji, na waya mrefu una hatari nyingi. Betri na jenereta zijaribiwe kwa kukata kuranti kweli, si kwa kuziangalia.

5. Kibao cha namba. Kila anayeshuka atundike namba yake mlangoni mwa shimo, hata kama kompyuta inahesabu. Kibao hakihitaji kuranti.

Na wewe una kazi yako. Usichaji simu katika kompyuta ya pampu. Usimwazime mwenzako neno lako la siri. Usichomoe waya usioujua. Ukifungua barua ya ajabu, sema mara moja: saa moja ya kunyamaza yaweza kuharibu kampuni nzima. Nawe shefu, usimkemee aliyekuja kusema, maana kesho hakuna atakayekuja.

Mama, mtu akipiga simu akitaka namba ya siri ya mshahara wa bwana yako, mkatalie, hata akijiita mtu wa kampuni.

Leo kabla ya kushuka, mwulize shefu wako: “Mtandao ukizimika sasa, nani anajua niko wapi?” Kama hana jibu, kazi ya usalama haijaisha.

Kinga ni bora kuliko dawa.