Miaka Arobaini ya Eline

Mumeo ameugua homa kali. Homa inaposhuka anafumbua macho, anakutazama usoni, kisha anakuuliza wewe ni nani. Ndoa yenu haikumbuki. Anasema jina lake si hilo unalomwita, wala kazi yake si hiyo ambayo majirani wote wanaijua. Ati yeye ni nahodha wa chombo kikubwa kinachosafiri katikati ya nyota, na watu wake wanamngoja huko. Unampikia, unamtunza, unangoja akili zimrudie. Mwezi unapita, mwaka unapita, na kila jioni yuko nje anakodolea macho mbingu.

Ungefanya nini, mama?

Mwanamke aliyefikwa na hayo anaitwa Eline. Si mtu wa kweli, yumo katika mchezo wa televisheni wa Kimarekani, kipindi kimoja tu cha muda usiotimia saa nzima, ambacho kilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Juni 1992. Kipindi chenyewe kinaitwa The Inner Light, nacho ni sehemu ya mfululizo wa Star Trek: The Next Generation ulioonyeshwa tangu 1987 hadi 1994. Wapenzi wa mfululizo huo wamekijadili kwa zaidi ya miaka 30 na bado hawajakubaliana. Nami, baada ya kukitazama nyumbani pamoja na mume wangu na wifi yangu, nimeona kwamba katika mabishano yote hayo kuna mtu mmoja anayesahauliwa.

Najua baadhi yenu mtasema, hadithi za vyombo vya angani zinatuhusu nini sisi wenye watoto wa kuosha na vyungu jikoni? Nilidhani hivyo pia. Lakini Star Trek ina undugu na sisi tangu siku ya kwanza. Mfululizo wa awali ulipoanza Marekani tarehe 8 Septemba 1966, miongoni mwa maofisa wa chombo alikuwamo mwanamke Mwafrika aitwaye Uhura, na jina hilo lilitokana na neno letu uhuru. Katika kipindi hicho cha kwanza kabisa anasemeshwa kwa Kiswahili! (Kiswahili chenyewe si cha kujivunia sana, lakini tuwasamehe.) Aliyeigiza nafasi hiyo, Nichelle Nichols, aliyefariki 2022, alisimulia mara nyingi jinsi alivyotaka kuacha kazi, na jinsi Mchungaji Martin Luther King alivyomsihi abaki, akimwambia kwamba yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao kuutazama mchezo ule. Basi kama nyumba ya mchungaji yule haikuogopa, na mimi nikaona nikae nitazame.

Jambo lingine linalonifurahisha ni kwamba waliouhifadhi mchezo huo wengi wao walikuwa wanawake. Jarida la kwanza la mashabiki wa Star Trek, lililoitwa Spockanalia, lilitoka 1967, na wahariri wake walikuwa wanawake wawili. Kisha palipovuma habari kwamba kampuni ya televisheni ya NBC ilikusudia kuufuta mchezo baada ya msimu wa pili, mwanamke mmoja wa California, Bjo Trimble, pamoja na mumewe John, waliwahimiza watu waandike barua. Barua zikamiminika kwa wingi hata mwezi Machi 1968 kampuni ikalazimika kutangaza hewani kwamba mchezo utaendelea. Uliendelea mwaka mmoja zaidi tu, ukafikisha vipindi 79. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuzoea kuandikiana na kukutana. Mwezi Januari 1972 mashabiki waliitisha mkutano katika hoteli moja ya New York, wakitazamia watu mia kadhaa, wakaja zaidi ya 3,000. Sisi tulio katika vikundi vya akina mama tunaelewa jambo hilo. Anza na wanawake watano wenye jambo la kuzungumza, na baada ya muda mtatafuta viti.

Sasa nirudi kwa Eline.

Nahodha katika kisa hiki ni Jean-Luc Picard, ambaye aliigizwa na Mwingereza Patrick Stewart. Ni mtu mwenye heshima zake na nidhamu, anapenda kazi, wala hakuoa. Watoto wadogo humtia wasiwasi. Siku moja chombo chake Enterprise kinakutana na kitu kidogo kinachoelea angani bila mtu ndani, na mwale unatoka humo ukampiga. Nahodha anaanguka. Anapozinduka yuko katika kijiji kiitwacho Ressik, katika sayari ya Kataan, na mwanamke amekaa karibu naye akishukuru kwamba homa imepungua. Anaambiwa kwamba yeye ni Kamin, fundi wa kusuka chuma, na huyu ni mke wake.

Hakubali. Anazunguka vilimani akitafuta njia ya kurudi. Anauliza kila mtu maswali. Anaona kidani shingoni mwa Eline chenye umbo lile lile la kitu alichokutana nacho angani, anamhoji amekipata wapi, naye anamjibu kwamba ni yeye Kamin aliyempa. Miaka mitano inapita hivyo. Hebu ihesabu miaka hiyo, mama msomaji. Miaka mitano mwanamke anakaa na mume mpole, asiyempiga, asiyelewa, anayekula chakula chake na kusema asante, lakini ambaye moyo wake uko mahali pengine. Hatimaye siku moja Eline anasema naye waziwazi: maisha waliyo nayo ni haya, naye amengoja vya kutosha. Hafokei. Lakini hamung'unyi maneno.

Usiku ule mume anamwomba ruhusa ajenge kitu. Anataka kujenga chumba cha mtoto.

Wanapata binti, Meribor, kisha mvulana wanayemwita Batai kwa jina la rafiki yao aliyefariki, na siku ya kumpa mtoto jina baba anapiga filimbi aliyojifunza mwenyewe. (Kijana huyo akiwa mkubwa aliigizwa na Daniel, mwana halisi wa Patrick Stewart.) Mambo ya nyumbani ni yale yale tunayoyajua. Kijana anataka kuacha shule ashike muziki, baba hapendi, mama anatuliza. Huku nje ardhi inakauka. Mvua haiji. Baba na binti wanapima udongo, na kila mmoja peke yake anagundua kwamba sayari yao inakufa, na kila mmoja anamficha mwenzake. Binti akijua hayo anasema afadhali aolewe mapema kuliko kungoja. Sidhani niliwahi kuona katika televisheni jambo dogo linalomkata mzazi maini kiasi kile.

Na viatu. Tangu mwanzo Eline anamwambia mumewe aondoe viatu vyake njiani. Wakati wa kufa, amelala kitandani, mume amemshika mkono, anamkumbusha aviweke viatu vyake mahali pake.

Mwisho mzee Kamin, mwenye wajukuu na mvi, anapelekwa na wanawe kutazama roketi ikirushwa. Hapo ndipo anapoelewa. Watu wa Kataan walijua kwamba jua lao litawaunguza na hawakuwa na uwezo wa kuhamisha watu wote. Wakatuma kitu kidogo angani kimtafute mtu mmoja, siku moja, ambaye atawajua walivyoishi na kuwasimulia wengine. Waliokufa wanamtokea wakiwa vijana, na Eline yumo. Kisha Picard anazinduka sakafuni mwa chombo chake. Imepita dakika 25 tu. Kataan iliangamia miaka 1,000 iliyopita. Ndani ya kile kitu mabaharia wake wanakuta kisanduku, na kisandukuni filimbi. Anaijaribu akiwa peke yake chumbani, na vidole vinajua kazi yake.

Ndipo mabishano yalipoanzia. Wapo mashabiki wanaosema Picard alitendewa vibaya. Hakuulizwa. Mtu aliyechagua maisha ya useja alifungishwa ndoa, akazalishwa watoto, kisha vyote akanyang'anywa kwa dakika moja. Kumbukumbu yenu, wanasema, hamkuwa na haki ya kuiandika ndani ya mtu kwa nguvu. Wengine wanajibu kwamba alipewa zawadi ambayo kwa hiari yake asingeipokea kamwe. Wengine tena wanahangaishwa na swali la kama Eline alikuwa mtu au picha tu ya mtu aliyekuwako zamani, na kama mume anaweza kuwa mjane wa mwanamke asiyemgusa kweli. Na wengi hata leo wanalalamika kwamba nahodha alirudi kazini upesi mno, kana kwamba aliamka usingizini. Malalamiko hayo yana haki. Waandishi wa mchezo walilirudia jambo hilo mwaka uliofuata, 1993, katika kipindi kiitwacho Lessons, ambapo Picard anampenda mwanamke mpiga muziki aitwaye Nella Daren, anamweleza habari za kijiji kile, nao wanapiga muziki pamoja. Lakini kazi inawatenganisha.

Pamoja na mabishano hayo, mwaka 1993 wapenzi wa hadithi za namna hiyo waliipa The Inner Light tuzo ya Hugo, tuzo inayopigiwa kura na wasomaji na watazamaji wenyewe. Tangu 1968 hakuna kipindi cha mfululizo wa televisheni kilichokuwa kimeipata. Na filimbi ile, ambayo haikutengenezwa hata iweze kupigwa, iliuzwa mnadani New York mwaka 2006 kwa dola 48,000. Mtu ametoa fedha za kujenga nyumba akanunua filimbi isiyolia!

Kwangu mimi kile kitu kilichotumwa angani kilinikumbusha Yoshua na yale mawe kumi na mawili kutoka Yordani, aliyoyasimamisha Gilgali ili watoto waje waulize maana yake. Watu wa Kataan nao walisimamisha jiwe lao, ila hawakuwa na watoto wa kuuliza, wakamwazima mgeni.

Sisi watatu tulibishana vile vile. Baba Rehema alimhurumia nahodha. Alisema, "Maskini, amepoteza familia nzima na hana hata kaburi la kulilia." Wifi yangu alisema ni wizi, maana hata mtume au nabii huitwa kwanza, naye huweza kukataa. Nikawauliza, "Na Eline je? Nani anamhurumia Eline?"

Wakanitazama. Nikawaeleza kwamba miaka ile mitano wote wanaipita haraka kwa sababu katika filamu ni kama dakika kumi. Wanajadili alichopoteza mume alipozinduka, hawajadili mke alikuwa akifanya nini kila asubuhi. Yeye hakuwa na chombo cha kurudia. Alikuwa na mume aliyekuwapo mezani na hayupo, na majirani wa kuwajibu, na hakuna mtu aliyemwambia itakwisha lini. Na sikumsifu kwa kungoja peke yake, maana wengi wetu tunangoja mpaka tunageuka chumvi. Nilimsifu kwa sababu siku ilipofika alisema.

Pengine nilisema kwa ukali zaidi ya nilivyokusudia. Baba Rehema alifiwa na kaka yake mkubwa miaka kadhaa iliyopita, na baada ya msiba ule alikaa karibu miaka miwili akiwa nasi kama mgeni wa heshima. Alikwenda kazini, alileta posho, alisali nasi. Lakini ukimwita kwa jina alichelewa kugeuka. Mimi niliomba, nikanyamaza, nikamwambia kila mtu kwamba hajambo. Yeye mwenyewe sikumwambia neno. Alirudi taratibu kwa neema ya Mungu, nasi hatukulizungumza tena.

"Kwani mimi nilikuwa natazama nyota?" aliuliza.

"Wewe ulikuwa unatazama ukuta," nikamjibu.

Wifi yangu, ambaye naye marehemu alikuwa kaka yake, alikuwa ameshika rimoti mkononi muda wote huo. Alisema kuna jambo moja alitaka kuliona tena. Akarudisha nyuma hadi pale wafu wanapotokea, kila mmoja kwa sura yake ya ujana, akaisimamisha picha hapo. Akasema kaka yao alikuwa akipenda kuimba besi kanisani, na watoto wa Rehema hawatajua hilo asipowaambia mtu. Baba Rehema akaanza kueleza jinsi kaka yake alivyowahi kukosea wimbo mbele ya askofu, akaendelea kuimba kosa lake kwa sauti kubwa mpaka kwaya nzima ikamfuata. Tulicheka hata tukafuta machozi. Nilikuwa sijawahi kukisikia kisa hicho, katika miaka yote ya ndoa yetu.

Tulilala saa saba usiku, chai ikiwa imepoa vikombeni. Viatu vyake nilivikuta asubuhi katikati ya mlango, kama kawaida, nikamwita aje aviondoe.