Kamera ya Filamu Pana Kimilili: Faida Iko Kwenye Negativu

Mpiga picha wa Kimilili aliyejinyima hadi akapata Yashica-Mat ya mtumba, ile ya lenzi mbili zilizopandana, ataulizwa mapema tu: ya nini, na simu unayo? Swali ni halali. Jibu la wapenzi wa kamera za zamani, kwamba picha zake zina roho, halimtoshi mtu anayelipa kodi ya kibanda. Sababu yenye uzito ni kwamba kamera hii huacha kitu cha kushika mkononi: negativu ya mraba wa karibu sentimita 6, eneo linaloshinda mara tatu na nusu lile la filamu ya milimita 35, na isiyodai chaji wala neno la siri ili isomwe. Tena filamu yake, namba 120, Kodak waliianzisha mwaka 1901 na bado inatengenezwa, kwa hiyo kamera ya kizazi cha babu inakula filamu ya mwaka huu. Ushahidi uko mjini Unguja. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na kwa kuwa negativu zilitunzwa, mwanawe Rohit aliweza kuendelea kuchapisha picha za mji ule wa enzi za masultani.

Atakayepinga atasema negativu nazo hupotea, na hapo ana haki. Studio nyingi zilizibakiza kwao ili mteja arudi kuchapisha nakala. Duka lilipofungwa, maboksi yakaishia jalalani. Kosa hilo lilikuwa la utaratibu wa biashara, wala si la filamu, na dawa yake ni rahisi: mpe mwenye picha negativu yake. Fikiria Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wabukusu wanapotahiri. Kijana anapiga chinyimba, zile kengele za chuma, usiku, alfajiri anapakwa matope mtoni. Simu zitampiga picha kwa mamia, picha zisambae WhatsApp zikiwa zimebanwa, kisha simu ziibwe au zianguke majini. Kwenye roli kuna picha 12 tu. Mbili za kijana huyo, zikiwa ndani ya bahasha yenye jina na tarehe, zinakaa pamoja na hati ya shamba.

Gharama ni pingamizi zito zaidi. Filamu ni ghali, na kuituma Nairobi kuoshwa kunaongeza nauli na hofu. Lakini nyeusi na nyeupe huoshwa nyumbani: tangi lisilopitisha mwanga, dawa ya kuoshea, dawa ya kugandisha, na maji ya nyuzi 20 hivi, ambayo chini ya Mlima Elgon hayasumbui kama Mombasa. Asiyeweza hayo asinunue. Anayenunua naye amulike lenzi kwa tochi kutafuta kuvu, kisha afyatue shata kwenye sekunde moja na asikilize. Ikinata, aombe apunguziwe bei au aondoke, maana fundi wa kuifungua si rahisi kumpata Bungoma wala Kitale. Na bibi harusi anayetaka rangi, tena jioni hiyohiyo? Huyo apigwe kwa simu.