Nguzo Ndefu Inaogopa Nini?

Sogeeni barazani, wapwa zangu. Leo nguzo ya mbao ina maneno.

"Mimi nabeba paa," inasema. "Nabeba kenchi, nabeba mabati, usiku na mchana. Kubeba sichoki. Ninachoogopa ni kupinda."

Mjomba, kwani kuna tofauti? Ipo, mwanangu, na umeuliza swali la kifundi! Chomoa chelewa moja ndefu kwenye ufagio. Isimamishe sakafuni, ikandamize juu kwa kidole. Taratibu. Umeona? Haikupondeka, imebinuka ubavuni. Sasa ikate nusu, ukandamize tena. Mbona imekaza? Unene ni uleule. Kilichopungua ni urefu tu.

Katika karne ya 18, mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler, alilipigia hesabu jambo hili. Nguzo nyembamba ikirefushwa mara mbili, mzigo wa kuipinda hushuka hadi robo. Si nusu, wanangu. Robo! Na unene je? Gogo la mviringo likiongezwa kipenyo mara mbili, urefu ukibaki uleule, mzigo huo hupanda mara 16. Rudia, mwanangu: mara 16!

Basi nguzo fupi nene haishindwi? Hushindwa, ila kwa njia nyingine. Haipindi; hupondwa, nyuzi za mti zikajikunja ndani kwa ndani. Kwa hiyo fundi hupiga hesabu mbili, ya kupinda na ya kupondwa, akaishika ile yenye mzigo mdogo. Kisha hupunguza tena, maana mti una vifundo na nyufa, na unyevu huulegeza. Mimi fundi asiyekagua vifundo simpi kazi.

Haya, hapa nina mbao ya inchi 2 kwa 4, imesimama kama nguzo. Itapinda kuelekea wapi? Upande mwembamba, daima. Nguvu yake huko ni robo tu ya ile ya upande mpana.

"Nishikeni kiunoni," inaomba nguzo. "Nipigilieni ubao katikati, muufunge kwenye kitu imara."

Mjomba, ubao mmoja utasaidia nini? Urefu unaoweza kupinda umebaki nusu, kwa hiyo nguvu ya upande mwembamba imepanda mara ngapi? Mara nne! Hongera, mwanangu! Ilikuwa robo, sasa imelingana na ya upande mpana. Ubao mmoja tu na misumari, wala hatukununua nguzo nene.