Je, Wajua? Nyambizi iliyolipua treni

Kazi ya nyambizi vitani ni kuzamisha meli. USS Barb ya Marekani, chini ya nahodha Eugene Fluckey, ililipua hata treni!

Usiku wa Julai 23, 1945, mabaharia wanane walipiga makasia kwa mashua za mpira hadi ufuo wa Karafuto, kisiwa kinachoitwa leo Sakhalin, ambacho kusini yake ilikuwa mikononi mwa Japani. Walifukia baruti chini ya reli pamoja na swichi ndogo. Hakuna aliyebaki kuiwasha. Uzito wa treni ungeibonyeza reli, reli ibonyeze swichi. Kabla hawajaifikia nyambizi yao, treni ikaja, na moto ukapaa angani nyuma yao. Wote wanane walirudi salama. Bendera ya Barb ikaongezewa picha ya treni.

Mwezi mmoja kabla, Barb ilirusha roketi kuelekea mji wa Shari, Hokkaido. Hakuna nyambizi ya Marekani iliyokuwa imewahi kushambulia nchi kavu kwa roketi.

Januari 1945 Fluckey aliingia usiku katika bandari ya Namkwan, China, akapiga meli zilizotia nanga, kisha akatoroka juu ya maji katikati ya miamba. Ushujaa huo ulimpa Nishani ya Heshima, ya juu kuliko zote Marekani. Alikuwa pia na Misalaba minne ya Jeshi la Majini.

Alifariki 2007, akiwa na miaka 93. Fahari yake kubwa: hakuna baharia wake aliyepewa nishani ya majeruhi wa vita.