Nani Anayeiona Dhoruba Kwanza?

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mvua ya kawaida methali hiyo inatosha. Kwa kimbunga haitoshi, na kwa upepo wa kusi haisaidii kabisa, maana kusi huweza kupindua chombo mbingu ikiwa nyeupe pe. Wiki hii nataka tuzungumze habari za watu wanaoitazama mbingu kila siku: wavuvi wa huku Bububu ninakokaa, na wataalamu wa hali ya hewa walioko Kisauni, karibu na uwanja wa ndege. Kila upande unaona jambo ambalo mwenzake halioni. Pale wanapokosa kusikilizana ndipo watu wanapokufa maji.

Tuanze na kimbunga Hidaya cha mwaka 2024. Mwanzoni mwa mwezi wa Mei, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kwamba mgandamizo mdogo wa hewa uliokuwa baharini, mashariki ya pwani ya Mtwara, unazidi kupata nguvu. Muda si mrefu ukapewa jina, kisha ukawa kimbunga kamili. Jina lenyewe maana yake ni zawadi, na watu wa mjini hawakukosa la kusema juu ya zawadi ya namna hiyo. Jumamosi ya tarehe 4 Mei kiliingia kisiwa cha Mafia, kisha kikapoteza nguvu. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Mvua zilizofuatana nacho ziliharibu barabara ya kwenda Lindi, na magari yakakwama huko kwa siku kadhaa.

Siku hizo kila mtu alikuwa mtaalamu. Vijana walikaa barazani na simu za mkononi wakiangalia picha za setilaiti na ramani za upepo, wakihesabu kimbunga kimesogea kiasi gani tangu asubuhi. Wengine walisambaza picha za vimbunga vya nchi nyingine, za miaka mingine, wakasema ndiyo Mafia hiyo. Wazee nao walikuwa na lao. Nahodha mmoja aliyezeekea baharini aliniambia, "Mwanangu, kimbunga huku hakiji. Hicho ni kitu cha Bukini na Msumbiji."

Sikumbishia, kwa sababu kwa sehemu kubwa alikuwa anasema kweli, na kweli yake ina sababu. Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto, kiasi cha nyuzi 26 na nusu au zaidi. Hilo tunalo. Lakini kinahitaji pia mzunguko wa dunia uupindishe upepo mpaka uwe kama pia. Karibu na mstari wa ikweta nguvu hiyo ya kupindisha ni ndogo mno, na Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya mstari huo. Tena Bukini, yaani Madagaska, imekaa kama ukuta upande wa kusini-mashariki, na vimbunga vingi vya bahari yetu huishia huko au hupinda kuelekea kusini. Mwaka 2019 Idai na Kenneth viliipiga Msumbiji vibaya sana, na sisi hapa tukasikia habari tu. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilitangazwa kuwa kinakuja. Kilipoikaribia pwani ya Tanzania kilikuwa kimekwisha fifia. Watu wakasema, wametutisha bure. Maneno hayo yalikuwa bado midomoni Hidaya ilipotangazwa.

Lakini neno "nadra" si sawa na neno "kamwe". Tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa enzi ya Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja yenyewe. Vyombo vilivyokuwa bandarini vilizama au vilitupwa pwani, na inakadiriwa kwamba mikarafuu miwili katika kila mitatu ya Unguja iling'olewa au kuvunjwa. Pemba ilisalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kubwa la karafuu. Basi kila tunapoitaja karafuu ya Pemba tunataja kazi ya upepo wa siku moja. Kisha Aprili 1952 kimbunga kingine kikaupiga mji wa Lindi. Kati ya viwili hivyo ilipita miaka 80. Nahodha wa kwanza aliyeona alikwisha kufa zamani, na wajukuu zake hawakuwa na la kumbuka.

Hapo ndipo penye udhaifu wa elimu ya macho. Mvuvi wa Bububu anajua mengi. Anajua kaskazi, kusi na matlai; anajua umande unaovuma alfajiri kutoka Mrima; anajua siku za tanga mbili ambapo upepo hauna mwenyewe. Wako ambao bado wanahesabu siku za mwaka wa Nairuzi kwa makumi, kama walivyohesabu babu zao, na kwa hesabu hiyo wanajua lini mwaka unageuka. Lakini elimu hiyo imejengwa na mambo yanayorudi kila mwaka. Jambo linalokuja mara moja katika maisha ya watu watatu haliwezi kuwamo. Isitoshe, kimbunga kikiwa mbali, kilomita mia nne au mia tano, jua huwaka na bahari inaweza kuwa shwari. Mvuvi akitazama haoni kitu, na hana kosa, maana hakuna cha kuona.

Mtaalamu wa Kisauni anaona. Picha za setilaiti humfikia kila robo saa au chini ya hapo, usiku na mchana. Kituo cha kisiwa cha Réunion, ambacho ndicho kinachofuatilia vimbunga vya upande huu wa Bahari ya Hindi, humpelekea makadirio ya njia na nguvu. Upepo ukifika kilomita 63 kwa saa tufani hupewa jina. Ukifika kilomita 118 huitwa kimbunga kamili. Kompyuta hufanya hesabu ya siku kadhaa mbele. Kwa hiyo siku ya kwanza ya hatari ni ya mtaalamu. Yeye ndiye anayeiona dhoruba kabla haijawa wingu.

Sasa tugeuze upande wa pili. Kimbunga hutisha, lakini si yeye adui wa kila siku wa mwenye ngalawa. Adui wa kila siku ni dhoruba ya radi, ile inayozuka saa tisa alasiri au usiku wa manane katika masika na vuli, ikamaliza kazi yake kwa saa moja, ikaondoka.

Dhoruba hiyo huzaliwa hivi. Jua hupasha ardhi, na hewa iliyo juu yake, yenye unyevu wa bahari, hupata joto ikawa nyepesi na kupanda. Ikipanda hupoa, unyevu wake hugeuka matone, na mgeuko huo hutoa joto jingine linaloisukuma hewa izidi kupanda. Wingu husimama kama mnara. Katika nchi za joto kama yetu kilele chake huweza kufika kilomita 15 na zaidi, yaani zaidi ya mara mbili ya urefu wa Kilimanjaro. Huko juu ni baridi ya barafu. Vipande vya barafu husuguana, chaji ya umeme hujikusanya, na hiyo ndiyo radi. Mwishowe matone huwa mazito, huanguka, na hushuka pamoja na hewa ya baridi. Hewa hiyo ikigonga bahari haina pa kwenda ila pembeni. Hukimbia mbele ya mvua kwa kasi kubwa, na ndiyo upepo unaovunja mlingoti.

Wavuvi hawana haja ya kuambiwa hayo kwa lugha ya darasani. Waulize, watakwambia: upepo uliokuwa unavuma unakufa ghafla, bahari inatulia isivyo kawaida, chini ya wingu panakuwa cheusi na juu pametandaa kama fuawe la mhunzi, halafu baridi inakupiga usoni. Ukiisikia baridi hiyo, tanga liwe limeshashuka. Hiyo baridi ni hewa ile ile niliyoieleza, imetangulia mvua. Mvuvi na mtaalamu wanasema kitu kimoja.

Tofauti ni hii. Mtaalamu anaweza kukwambia leo kwamba kesho hali inafaa dhoruba za radi kuzuka katika pwani na visiwani. Hawezi kukwambia kwamba itazuka mbele ya Bububu na si mbele ya Mkokotoni. Wingu la radi lina upana wa kilomita chache na umri wake mara nyingi hauzidi saa moja au mbili. Rada huweza kuiona mvua ikishaanza, lakini mpaka mtu aione, aandike tangazo, lifike redioni, lisomwe, wingu limekwisha fika. Saa ya mwisho ni ya mvuvi. Hakuna ofisi itakayomwonea.

Kwa sisi tusio na uzoefu wa bahari iko hesabu nyepesi. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kiasi cha kilomita moja. Zikipungua 30, radi iko ndani ya kilomita 10, nayo inaweza kukufikia. Toka majini, ondoka ufukweni, usijikinge chini ya mnazi uliosimama peke yake. Ingia nyumba ya maana au ndani ya gari, na usubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Nimesema watu hufa pale pande mbili zinapokosa kusikilizana. Si Zanzibar peke yake. Katika Ziwa Victoria, ambalo ni mahali pamoja pa dunia penye radi nyingi sana, dhoruba hupenda kuzuka usiku na alfajiri, pepo za nchi kavu zinapokutana katikati ya ziwa, na saa hizo ndizo wavuvi wako kazini. Hapa kwetu tusisahau kwamba hata pasipo wingu bahari haina mzaha. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, meli ya Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, siku ya upepo mkali na mawimbi makubwa.

Tatizo la tangazo ni kwamba lina gharama. Mkubwa wa ofisini akiambiwa asitoke, mshahara wake uko pale pale. Mvuvi akiambiwa asitoke, jikoni hakuna kitu jioni, na mwenye mashine anataka pesa yake. Akitii mara tatu na bahari ikawa shwari mara zote tatu, mara ya nne atakwenda. Kumlaumu ni rahisi. Kuliandika tangazo vizuri zaidi ndiko kunakookoa.

Kwanza, tulielewe tangazo lenyewe. Mamlaka hutoa ngazi tatu: angalizo, ambalo rangi yake ni njano, tahadhari, rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa, nyekundu. Angalizo halisemi usitoke. Linasema uwe macho, chombo kiwe kizima, usiende mbali. Nyekundu ndiyo inayosema vuta chombo juu. Tangazo hutaja pia uwezekano wa jambo kutokea. Uwezekano wa wastani si ahadi, na usipotimia si uongo. Ukicheza bao unajua kwamba kete yenye nafasi ya kuliwa si lazima iliwe, lakini huiachi wazi.

Pili, sisi watu wa redio tuna wajibu. Kusoma "upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2" kisha tukapiga muziki si kazi kamili. Tuseme upepo wa kutoka wapi, kuanzia saa ngapi, unapungua lini, na kwa ngalawa maana yake nini. Tulisome kabla ya wavuvi kuondoka, si baada.

Tatu, bwana diko awe na ubao, na tangazo la siku liandikwe hapo kwa herufi kubwa. Simu huisha chaji, ubao hauishi. Na mvuvi anayerudi aulizwe alichokiona, habari hiyo ipelekwe Kisauni. Mkondo uliogeuka au wingu lililozuka pasipotabiriwa ni elimu ambayo setilaiti haiwezi kuikamilisha peke yake.

Basi, ndugu msikilizaji, anayesubiri kukiona kimbunga kwa macho ndipo avute chombo amechelewa siku mbili. Na anayesubiri redio imwambie kwamba wingu lililo juu ya kichwa chake ni baya, huyo amechelewa zaidi. Asubuhi tusikilize Kisauni. Tukishatweka tanga, tusikilize bahari. Tahadhari kabla ya athari.