Maji ya Kikuubo na ndege wa Lutembe

Boksi la biskuti likifunguliwa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla jijini Kampala, nailoni na kamba za plastiki huanguka njiani, wachukuzi huzikanyaga, na mvua ikinyesha maji huzikokota hadi mfereji wa Nakivubo ulio jirani. Mfereji huo hupokea pia maji ya mtambo wa majitaka wa Bugolobi, kisha hupita kwenye bonde la Nakivubo na kumwaga maji katika Ghuba ya Murchison, Ziwa Viktoria.

Mdomoni mwa ghuba hiyo, upande wa Entebbe, iko Lutembe. Ni ghuba ndogo, haifiki hata hekta 100, lakini mwaka 2006 iliingia katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Sababu kubwa ni buabua mabawa-meupe. Ndege hawa huzaliana Ulaya Mashariki na Asia, na baridi ikikaribia huko hushuka Afrika. Lutembe wamewahi kukadiriwa kupita milioni moja. Mchana husambaa ziwani kunasa wadudu na visamaki, jioni hurudi kulala pamoja.

Kinachoikinga Ghuba ya Murchison na uchafu wa jiji ni mafunjo ya bonde la Nakivubo. Yanaelea kama mkeka mzito, mizizi ikining'inia majini. Majitaka yakipita chini yake polepole, bakteria wanaoishi kwenye mizizi huvunjavunja uchafu, na mmea hufyonza naitrojeni na fosforasi ambazo zingelisha mwani ziwani. Tathmini ya mwaka 1999 ilikadiria kazi hiyo kuwa na thamani ya hadi dola milioni 1.75 kwa mwaka. Hata hivyo, watu wameendelea kufyeka mafunjo ya bonde hilo na kupanda magimbi. Kwenye mitaro ya mashamba hayo maji hukimbia, hayachujwi. Na Ggaba, ambako Kampala huchota sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa, iko kwenye ghuba hiyohiyo!

Plastiki ni shida nyingine kabisa, maana hakuna bakteria wa mafunjo atakayeimaliza. Sheria ya Mazingira ya Uganda ya mwaka 2019 inakataza mifuko ya plastiki yenye unene chini ya maikroni 30, lakini mifuko hiyo myepesi, iitwayo kaveera, bado imejaa mjini. Wakaguzi wakisubiri ufukweni wamechelewa. Waanzie kwenye maduka ya jumla, mifuko ikiwa bado imefungwa marobota, kabla haijagawanywa kwa maelfu ya wachuuzi.