Baada ya Utepe Kukatwa

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mimi na mke wangu tulipanda treni Dodoma kwenda Dar es Salaam kupumzika siku mbili. Ratiba ilikuwa mfukoni: Jumamosi asubuhi Makumbusho ya Taifa, mchana Kigamboni, jioni samaki wa Feri, Jumapili ibada na kurudi. Kazi yangu ni kusimamia ujenzi, na mazoea ya kuandika kila kitu kabla ya kukifanya yameshanikaa.

Basi lilikuwa likitumalizia siku nzima. Sasa kwa treni ni mwendo wa saa nne hivi, na mtu anashuka na nguvu zake. Jiwe la msingi la kipande cha reli ya kisasa cha Dar hadi Morogoro liliwekwa Aprili 2017, na mkataba ulisema miezi 30. Abiria wakaanza kusafiri Juni 14, 2024. Dodoma ikafikiwa mwezi uliofuata. Miezi 30 ilizaa miaka saba na zaidi. Katikati hapo zilitangazwa tarehe zikapita, zikatangazwa nyingine nazo zikapita, na wengi niliokuwa nikizungumza nao walishaacha kuamini. Lakini kazi haikusimama. Mataruma yaliendelea kulazwa, nguzo zikaendelea kusimikwa, na jioni ile mke wangu alikuwa amelala kando yangu, kichwa kimeegemea dirisha, tumeshaipita Morogoro.

Miaka hiyohiyo nilikuwa na mradi wangu mdogo, na kwangu ilikuwa kinyume. Mwaka 2009 benki ya CRDB iliuza hisa kwa wananchi, shilingi 150 kwa hisa moja. Nilinunua 2,000 kwa shilingi 300,000, nikajiambia hizi ni za uzeeni. Kufikia 2014 bei ilikuwa imezidi mara mbili, nikawa nawasimulia wenzangu kazini. Kisha ikaanza kuteremka, na mwaka 2019 ikawa chini ya ile 150 niliyonunulia. Nikauza hisa 1,000. Sikuwa na mgonjwa, wala ada ya mtoto haikuwa imenibana. Nilikuwa nikiangalia bei tu.

Laiti ningefungua hesabu za benki! Faida yake baada ya kodi mwaka 2018 ilikuwa takriban shilingi bilioni 64. Mwaka 2019, mwaka uleule niliokimbia, ilifika takriban bilioni 120. Hesabu hizo zilichapishwa magazetini, mtu yeyote angeweza kuzisoma, na mimi nilikuwa nazipita nikitafuta habari za mpira. Bei ikaja kupita 500 mwaka 2024. Gawio la mwaka 2023 lilikuwa shilingi 50 kwa hisa, yaani zile 1,000 zilizobaki zilinipa shilingi 50,000 kabla ya kodi ya zuio, theluthi ya fedha niliyozinunulia, kwa mwaka mmoja.

Kwa hayo mawili ningeweza kusema subira yavuta heri, nikaishia hapo. Basi la mwendokasi lilinizuia.

Dada yangu anakaa Kimara, kwa hiyo tuliposhuka treni tulipanda basi hilo Gerezani. Tulipofika Jangwani, mama mmoja aliyekuwa na kapu la mboga magotini aliniona nikichungulia nje, akasema, “Baba, mvua ikinyesha hapa hapapitiki.” Nikatazama ukuta wa karakana ya mabasi hayo. Kulikuwa na mstari wa tope uliokauka, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Karakana ile ilijengwa katika bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo wazee wa Dar wanajua maji hupita. Mafuriko yameizamisha zaidi ya mara moja, na mabasi yaliyokuwa ndani yakaharibika. Njia ya kwanza ya mwendokasi ilipangiwa mabasi 305. Huduma ilianza Mei 2016 ikiwa na 140.

Pale Jangwani subira haisaidii. Hata ukingoja miaka 50, bonde litabaki bonde. Sasa imeamuliwa lijengwe daraja refu pale Jangwani, uamuzi mzuri, ila ni gharama ya pili kwa kosa lililoonekana tangu siku ya kwanza. Mpango uliochelewa na mpango uliokosewa, ukiitazama kwa mbali, inafanana: yote miwili haijaleta ulichoahidiwa. Inabidi uende uone. Kwenye reli ungeona kazi inasogea. Kwenye hisa zangu ungeona faida inakua huku bei imelala. Jangwani ungeona mstari wa tope.

Asubuhi ya Jumamosi dada alikaanga chapati, akatoa na albamu ya picha za msiba wa baba, tukakaa hadi saa tano. Makumbusho hatukuyaona. Tukavuka kwa kivuko pale Magogoni, tukanywa madafu ufukweni Kigamboni, tukarudi kwa daladala kupitia Daraja la Nyerere. Nilimwomba mke wangu tukae upande wa dirisha. Daraja lile lina urefu wa mita 680, lilizinduliwa Aprili 2016, na asilimia 60 ya gharama yake ilitoka mfuko wa NSSF, kwenye michango ya wafanyakazi. Ndani ya nyaya zake mna makato ya mshahara wangu. Magari yanalipa tozo ili fedha irudi kwenye mfuko. Mwaka 2022 tozo zilipunguzwa, na waendao mjini kila siku walifurahi kwa haki. Nami nilifurahi kwa ajili yao. Ila hakuna aliyenieleza, kama mwanachama, kupungua huko kunasogeza hadi lini siku ya fedha ile kurudi.

Na hili ndilo lililonikaa moyoni katika safari yote ya kurudi Jumapili. Benki niliyonunua hisa zake inalazimika kila robo mwaka kuchapisha hesabu, nzuri au mbaya, na kila mwaka wanahisa tunaitwa mkutanoni tuulize. Mradi wa umma ukishakatwa utepe, nani anamwambia mwananchi ulivyofanya kazi mwaka ule? Mabasi mangapi yalitembea kati ya yale 305? Jangwani ilifungwa siku ngapi? Tozo za daraja zimerudisha kiasi gani, na kimebaki kiasi gani? Majibu mengine yamo katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, lakini ni vitabu vinene ambavyo dada yangu wa Kimara hatavisoma.

Ninawaomba wanaosimamia miradi yetu: kila mwaka, tarehe ileile mradi ulipozinduliwa, bandikeni ukurasa mmoja. Uwe kituoni, kwenye lango la tozo, ukutani mwa karakana. Uandikwe kwa Kiswahili, useme tuliahidi nini, tumefanya nini, kimekwama nini. Sisi tulionunua hisa kwa shilingi 150 tunapewa taarifa hiyo. Aliyekatwa mshahara kujenga daraja anastahili kupewa pia.